"Mke Wangu": Neno Dogo katika Andiko Kubwa

Andiko ninalotaka kulipima leo si refu. Lina kurasa tatu tu. Lilitoka tarehe 15 Agosti 1959 katika Nature, gazeti la wenye elimu linalopigwa chapa London tangu mwaka 1869. Mwandishi wake ni Bwana L. S. B. Leakey, na habari yake ni fuvu la kichwa lililochimbuliwa Olduvai, katika Tanganyika ya wakati ule. Wote wanaojifunza habari za watu wa kale kabisa wanalijua andiko hilo, kama mkulima anavyolijua jiwe la mpaka wa shamba lake.

Wengi wamelisoma wakitafuta fuvu. Mimi nimelisoma nikimtafuta mtu aliyeliona fuvu kwanza. Nimemkuta karibu na mwanzo, wala hakufichwa. Ameitwa "mke wangu".

Labda mtacheka na kusema: "Huyu katekista ameacha mambo makubwa, anahesabu maneno mawili." Haya, chekeni, lakini nisikilizeni. Katika elimu, jina lililowekwa juu ya andiko si pambo. Kwa jina hilo mtu hupata kazi katika chuo kikuu, hupata fedha za kuchimba tena mwaka kesho, huitwa mikutanoni, na wenzake wakiandika vitabu vyao humtaja. Asiye na jina juu ya andiko ni kama mtu aliyelima shamba, kisha mavuno yakaandikwa katika daftari kwa jina la jirani. Hawezi kudai kitu, maana daftari inasema vingine.

Turudi Olduvai. Bwana na Bibi Leakey walikuwa wamekwenda bondeni kule kwa miaka zaidi ya 20, wakitafuta mabaki ya wale waliochonga vyombo vya mawe vilivyojaa mahali pale. Mawe waliyapata, mifupa ya wanyama waliipata, lakini vya mtu mwenyewe walipata vipande haba. Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959 Bwana Leakey alikuwa amelala kambini, ana homa. Bibi, jina lake Mary, akatoka na mbwa wake wawili kutazama mteremko mmoja. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa umefunua mfupa. Akainama, akaona taya na meno mawili makubwa. Akarudi mbio kwa motokaa kumwita mumewe. Kesho yake wakaanza kuchimba na kuchekecha mchanga, na kazi ikaendelea hata tarehe 6 Agosti. Siku tisa tu baadaye gazeti likatoka London. Kwa kweli Bwana Leakey hakulala.

Akalipa fuvu jina la elimu: Zinjanthropus boisei. Zinj ni lile neno la kale la Waarabu, Zanj, lililokuwa jina la pwani ya Afrika ya Mashariki; limo hata ndani ya jina la Zanzibar. Ndiyo pwani ile iliyotuletea lugha hii ninayoiandika. Na boisei ni kwa heshima ya Bwana Charles Boise, aliyetoa fedha za kazi. Tena, kwa desturi ya wataalamu wa viumbe, nyuma ya jina jipya huwekwa jina la yule aliyelieleza kwanza katika andiko, pamoja na mwaka: Leakey, 1959.

Hesabuni sasa. Pwani imepata mahali pake. Mwenye fedha amepata mahali pake. Mwenye kuandika amepata mahali pake. Mwenye kuliona fuvu ni mke.

Jambo hili linatugusa sisi wa Congo zaidi ya mnavyodhani. Mwezi uleule wa Agosti 1959, wataalamu wa habari za kale za Afrika nzima walikutana Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, katika mkutano wao wa nne. Fuvu lililetwa huko, likaonyeshwa kwa wajuzi. Ulikuwa bado karibu mwaka mmoja kabla ya uhuru wetu. Kwa hiyo mji wetu mkuu ulikuwa kati ya mahali pa kwanza pa kuliona fuvu lile.

Bibi huyu alikuwa nani? Alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913. Baba yake alikuwa mchoraji wa picha, akizunguka Ulaya na jamaa yake. Shule haikumpenda, wala yeye hakuipenda. Naandika kwa haya kidogo katika gazeti kama hili, lakini ni kweli: shule mbili za masista zilimfukuza, na katika mojawapo alilipua kitu kwa makusudi wakati wa somo la kemia. Masista wakichoka naye, sishangai. Ila mtumishi mwingine wa Kanisa alimfaa. Alipokuwa msichana alikutana na Padri Lemozi, paroko wa Cabrerets katika Ufaransa, mjuzi wa mapango yenye picha za watu wa kale. Padri akamwonyesha mapango, naye akakolewa, asipone tena katika maisha yake yote.

Cheti cha chuo kikuu hakuwa nacho. Alikuwa na macho na mkono. Aliweza kuchora chombo cha jiwe hata mwenye kutazama picha aone kila pigo la mchongaji. Bibi Gertrude Caton-Thompson, mchimbaji hodari aliyefanya kazi Misri, akamtumia kuchora mawe ya kitabu chake juu ya Fayum, kilichotoka mwaka 1934. Kisha Bwana Leakey akamwomba achore kwa ajili ya kitabu chake mwenyewe. Mwaka 1935 akafika Olduvai mara ya kwanza. Desemba 1936 wakaoana. Na mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga ndani ya ziwa Victoria, ni yeye tena aliyeona fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya sokwe, wa zamani kupita watu wote. Mwaka 1951 kilipotoka kitabu kikubwa cha kueleza viumbe vya namna hiyo, majina yaliyowekwa juu yake yalikuwa mawili: Le Gros Clark na Leakey. Leakey huyu ni Bwana.

Kwa hiyo mwaka 1959 haikuwa mara ya kwanza.

Nataka kuwa mwenye haki kwa Bwana Leakey. Hakusema uongo. Angeweza kuandika "fuvu lilionekana", kama wanavyoandika wengi, na tusingejua kitu. Alimtaja, na mapema. Wala hakuwa mtu wa kuwadharau wanawake katika elimu, kinyume chake. Ni yeye aliyemtuma Jane Goodall kwa sokwe wa Gombe mwaka 1960. Ni yeye aliyemsaidia Dian Fossey, aliyeanza kazi yake ya ngagi mwaka 1967 huku kwetu, Kabara, penye milima ya Virunga, kabla ya machafuko kumsukuma Rwanda. Na mwaka 1962, nishani ya Hubbard ya Marekani ilitolewa kwa wote wawili, mume na mke. Nani basi atamwita adui wa wanawake?

Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Kama angekuwa mtu mbaya tungesema: mtu mbaya amefanya baya, tukafunga kitabu. Lakini mtu mwenye moyo mwema, anayemtukuza mkewe mbele za watu, alikaa mezani kuandika, na kalamu yake ikaandika "mke wangu" bila kusita. Aliona ametoa heshima. Katika nyumba, "mke wangu" ni neno la heshima, hakuna lipitalo. Katika gazeti la elimu neno hilohilo linamfuta mtu. Linasema ni wa nani, halisemi ni nani. Msomaji wa Japani au wa Brazili hawezi kumtafuta "mke wangu" katika orodha ya vitabu.

Najua wapinzani watasema nini. Watasema: kuona si kuandika. Mchunga mbuzi aweza kujikwaa juu ya mfupa. Je, naye tumweke juu ya andiko? Aliyeeleza meno, aliyepima taya, aliyelinganisha na mafuvu ya Afrika ya Kusini, huyo ndiye mwandishi.

Neno hilo lina ukweli ndani yake, wala sitalitupa. Kueleza ni kazi ya elimu, na kazi hiyo ilifanywa na Bwana. Lakini Bibi hakujikwaa. Alijua ni mteremko upi wa kutazama, alijua tabaka lipi la udongo ni la zamani kuliko lipi, na alipouona mfupa alijua kwamba meno yale si ya nyani. Halafu kuchimba kwenyewe, kwa brashi na sindano, kipande kwa kipande, nani alikuwa fundi wake? Andiko la mwaka 1959 lina mambo ya namna mbili. Kwanza linasema kitu gani kilionekana, wapi, katika tabaka gani, pamoja na mawe gani. Pili linasema kitu hicho maana yake nini.

Sasa tazameni kilichotokea. Ile maana imevunjika karibu yote. Bwana Leakey alitangaza jenasi mpya. Leo wataalamu wanaliweka fuvu lile ndani ya Paranthropus, au ndani ya Australopithecus, na Zinjanthropus imebaki jina la kusimulia. Alisema kiumbe huyu ndiye aliyetengeneza vyombo vya mawe. Mwaka 1964 yeye mwenyewe, pamoja na Tobias na Napier, akaipa kazi hiyo kwa kiumbe mwingine, Homo habilis. (Majina matatu juu ya andiko lile nalo, yote ya wanaume.) Lakini fuvu lilipotoka, tabaka lake, mawe yaliyolala kando yake, hayo hayakuvunjika. Mwaka 1961 tabaka lilipimwa kwa njia mpya, likaonekana lina miaka kama milioni 1.75, na dunia ikastaajabu. Kilichodumu katika andiko la Bwana ni ile sehemu ya "mke wangu".

Mwenye kutaka kujua Bibi alikuwa nani katika elimu, asome kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya machimbo ya Olduvai ya miaka 1960 hata 1963, kilichotolewa na chuo kikuu cha Cambridge. Nasema wazi, si kitabu cha kusoma kitandani. Ni kikavu kama udongo anaoueleza. Hakuna tangazo la ajabu, hakuna jina jipya la kutikisa magazeti. Kuna tabaka baada ya tabaka, na katika kila sakafu ya kale ramani inayoonyesha kila jiwe lililala wapi na kila mfupa ulilala wapi. Kuna mawe ya kukatia, mawe ya kuparuzia, mawe ya mviringo, yamegawanywa kwa namna zake na kuhesabiwa, hata uone jinsi ufundi ulivyobadilika kutoka chini kwenda juu. Mume alikuwa na haraka ya kutangaza. Mke alikuwa na subira ya kuhesabu. Elimu inawahitaji wote wawili, sikatai. Lakini vijana wanaochimba leo, hata wanaopinga maelezo yake, wanaanzia katika ramani zile.

Kitabu hicho kina jina lake: M. D. Leakey. Na hapa nikiri ujinga wangu. Nilipokuwa seminarini nilikuta katika kitabu cha historia "Leakey 1959", na chini yake kidogo "Leakey 1971". Kwa miaka mingi nilidhani ni mtu mmoja, padri wa Kiprotestanti au profesa fulani mwenye ndevu. Herufi za mwanzo haziwatofautishi mume na mke. Bwana naye aliandika hivyohivyo, L. S. B., ilikuwa desturi ya Waingereza, wala sisemi kulikuwa na hila. Ila mwanamume haponzwi na desturi hiyo, maana msomaji asiyejua hudhani mwanamume. Mwanamke humezwa nayo, hasa akiwa na jina la ukoo la mumewe. Kwetu Congo mke hubaki na jina lake, na siku hizi naona hekima ya wazee katika jambo hilo.

Mtauliza kama hayo si mambo ya zamani. Mwaka 2013 wachunguzi walitoa katika Nature hesabu ya maandiko ya elimu zaidi ya milioni 5 ya dunia nzima, yaliyotoka tangu 2008 hata 2012. Wakigawa kila andiko kwa waandishi wake, sehemu ya wanawake haikufika asilimia 30. Wengine wakasema: wanawake wanaandika kidogo, basi. Mwaka 2022 ukatoka uchunguzi mwingine, katika gazeti hilohilo, ulioingia ndani ya makundi ya watafiti wa Marekani na kutazama nani alikuwa akilipwa mshahara katika kazi na nani alitokea juu ya andiko. Wakaona kwamba mwanamke, ukimlinganisha na wenzake wa kiume, nafasi yake ya kutajwa kama mwandishi ilikuwa pungufu kwa asilimia 13, na katika hati za uvumbuzi kwa asilimia 58. Kwa hiyo si kwamba hawakuwapo. Walikuwapo, kazi walifanya, jina likapotea njiani kati ya meza ya kazi na mtambo wa chapa.

Nami sitaki kusahau wengine waliopotea njia ileile, hata kama si wanawake. Bwana Kamoya Kimeu, Mkamba wa Kenya aliyeanza kufanya kazi na jamaa ya Leakey mwaka 1960 na kufa mwaka 2022, alikuwa na macho pengine kupita wote. Mwaka 1984, magharibi ya ziwa Turkana, aliona kipande cha kwanza cha mifupa ya yule kijana wa kale anayejulikana dunia nzima. Andiko la mwaka 1985 lina waandishi wanne. Yeye si mmojawapo. Bibi Leakey alikuwa angalau "mke wangu". Mwafrika mwenye jembe na ungo hakuwa hata hivyo. Na Bibi mwenyewe alikuwa bosi wa wachimbaji wengi wa namna hiyo. Hakuwa na mkono safi kabisa katika desturi hii. Nasema ili mtu asifikiri namtengenezea sanamu.

Lakini kuna tendo lake moja linalonifundisha zaidi ya kitabu chake. Katika miaka ya 1970 alichimba Laetoli, kusini ya Olduvai, na huko Maundu Muluila aliona taya ambayo wataalamu wanaiita LH 4. Mwaka 1978 Bwana Johanson na wenzake walitaka kutangaza aina mpya, Australopithecus afarensis, kwa kuunganisha mifupa ya Ethiopia na ile ya Laetoli, na taya ya Laetoli ikawa kipimo cha aina yote. Jina la Mary Leakey liliwekwa kati ya waandishi. Yeye hakukubali maelezo yao, akataka jina lake liondolewe. Likaondolewa.

Jina juu ya andiko si zawadi wanayopewa watu kwa upole. Ni kiapo. Mwenye jina anasema: haya ni maneno yangu, niulizeni mimi. Kwa hiyo mtu asiyeulizwa kama anataka jina lake liwepo, na mtu asiyeulizwa kama anataka liondolewe, wote wawili wametendewa kama watoto. Mwaka 1978 waliweza kumsikiliza kwa sababu tayari alikuwa na jina lake mwenyewe, lile la 1971. Mwaka 1959, sijaona popote kwamba mtu alimwuliza.

Je, desturi inaweza kubadilika? Katika jamaa ileile imebadilika. Agosti 1995, miaka 36 baada ya andiko letu, Nature ilitangaza aina nyingine ya viumbe wa kale kutoka Kanapoi, Kenya: Australopithecus anamensis. Jina la kwanza kati ya waandishi wanne ni Meave Leakey, mke wa Richard, mtoto wa Mary. Mkwe akaandika kwa jina lake, katika gazeti lilelile, na mama mkwe alikuwa bado hai. Alikufa Nairobi tarehe 9 Desemba 1996.

Na kwetu? Bibi Clémentine Nzuji, mtoto wa Kasai, mwaka 1970 alipiga chapa kwa chuo kikuu cha Lovanium kitabu chake juu ya vitendawili vya Waluba. Vitendawili ambavyo mama na nyanya wanawategea watoto jioni penye moto, akavikusanya, akavipima, akaweka jina lake. Ningependa kila mwanafunzi wa kike wa Lubumbashi na Bukavu akishike mkononi, si kwa ajili ya vitendawili tu.

Wahariri wa magazeti ya elimu siku hizi wana kanuni nzuri. Wengi wanataka kila mwandishi awe na sehemu ya kweli katika kazi, alisome andiko lote kabla halijapigwa chapa, alikubali, na awe tayari kulijibia. Wengine wanataka kuandikwe chini: fulani alichimba, fulani alihesabu, fulani aliandika. Nazisifu kanuni hizo. Lakini kanuni inatazama majina yaliyoletwa. Haiwezi kuliona jina lisiloletwa. Mhariri hupokea karatasi, haingii kambini wala jikoni. Ningetaka kila mhariri aongeze swali moja kwa mwandishi: nani mwingine alikuwapo, na kwa nini hayumo? Na kila akikuta maneno "mke wangu" katika shukrani, aweke karatasi chini, arudishe barua.

Mtasema: mbona huyu anasumbuka hivi kwa ajili ya Bibi wa Kiingereza aliyekwisha kufa? Nitawaambia. Miaka michache iliyopita nilitoa andiko langu la kwanza katika gazeti dogo la chuo kimoja. Lilihusu nyimbo ambazo mama wa vijiji vyetu huwaimbia watoto wachanga. Nyimbo hizo mwanamume hawezi kuzipata. Akikaribia, wamama hunyamaza na kuanza kuzungumza habari za mihogo. Aliyezunguka vijiji na daftari ni mke wangu. Aliyejua maneno ya zamani yana maana gani ni yeye. Mimi nilipanga, nikalinganisha, nikaandika Kiswahili kizuri na Kifaransa kidogo. Jina likawa langu. Katika mstari wa mwisho nikaweka: namshukuru mke wangu mpenzi kwa msaada wake.

Nilimsomea mstari huo kwa furaha, nikingoja asifu. Akaendelea kuchambua mchele. Kisha akasema: "Mwalimu, msaada ni kukushikia taa."

Baadaye profesa mmoja wa mbali akaniandikia barua ya heshima, akitaka kujua wimbo wa tatu huimbwaje kwa mapacha. Nikasimama na barua mkononi, nikaenda jikoni kuuliza. Ndiyo siku ile nilipolitafuta tena andiko la mwaka 1959, nikalisoma upya toka juu hata chini.

Nilimwomba mhariri asahihishe katika toleo lililofuata. Akajibu kwa upole kwamba nafasi ni haba, tena mama hana diploma. Sasa andiko la pili liko tayari, juu ya nyimbo za mapacha. Lina majina mawili, la mama watoto limetangulia, jina lake alilopewa na baba yake, kamili, bila herufi za kukata. Kabla hatujalifunga alilisoma lote, akafuta kurasa mbili zangu alizosema ni uongo. Padri aliyeteremka mjini juma lililopita amelichukua mkobani. Jibu bado halijafika.